Mizani 17 kwa Ua Moja la Kiangazi

Hotuba hii niliitoa mbele ya washairi chipukizi na wapenzi wa ushairi waliokutana kufanya mazoezi ya tungo fupi. Naiweka hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, nikiacha tu picha nilizoonyesha ukutani.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, washairi wenzangu,

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya tungo fupi na maua ya kiangazi, na ni haki nikiri mapema kwamba nilipopokea mwaliko niliiona mada hii kuwa nyepesi. Ua ni kitu chepesi, utungo wa mishororo mitatu ni kitu chepesi, na vitu viwili vyepesi vikiwekwa pamoja, nilijiambia, haviwezi kumlemea mtu aliyetunga mashairi kwa miaka mingi. Nikajiwekea sharti: kwa siku 40 za kiangazi nitachagua ua moja kila siku, nitalitazama, kisha nitalitungia shairi lisilozidi mizani 32, yaani silabi 32. Kwa nini 32? Nitafika huko.

Siku ya kwanza kazi ilinichukua dakika nne. Sikilizeni.

Waridi zuri,
jekundu lapendeza,
moyo wacheka.

Hesabuni mkitaka: mizani 5, kisha 7, kisha 5, kama inavyotakiwa katika haiku, utungo mfupi wa Kijapani wa mishororo mitatu. Sasa nawauliza: ni waridi lipi hilo? Lilikuwa wapi? Lilifanya nini? Kama ningelitunga shairi hili nikiwa nimefumba macho, au nikiwa sijawahi kuliona waridi maishani mwangu, lingetofautiana na hili kwa neno lipi? Hesabu iko kamili, na shairi halipo. Nililoliandika pale ni taarifa kwamba mimi nimefurahi, na msomaji hana haja ya taarifa hiyo.

Niliendelea hivyo kwa siku nane. Alizeti nzuri, asumini nzuri, yungiyungi zuri. Siku ya tisa nilitoka na mkasi kwenda kulikata waridi lile lile nililolianza nalo, ili nilitie katika chombo cha maji. Nilikuwa nimeshaufungua mkasi, mkono uko njiani, petali zote zikamwagika chini. Hakukuwa na upepo, na mimi sikuwa nimeligusa. Nilisimama pale na mkasi wangu uliofunguka kama mdomo wa mtu aliyekatizwa maneno, nikaingia ndani, nikaandika:

Mkasi wazi —
waridi ladondoka
bila kuguswa.

Mkaguzi miongoni mwenu atasema kwamba "wazi" nayo ni sifa. Ni kweli, lakini ni sifa ya mkasi, siyo ya ua. Juu ya ua lenyewe sikusema kama ni jekundu wala kama ni zuri, nilisema lilichofanya. Ndugu zangu, kama mtaondoka hapa na jambo moja tu, ningependa liwe hili: utungo mfupi hauna nafasi ya sifa, una nafasi ya tendo, na tendo huwezi kulitunga ukiwa mezani, ni lazima uwepo linapotendeka.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu najua ndiyo inayozua ubishi. Wako wanaosema kwamba haiku haiwezi kukaa katika Kiswahili, eti ni nguo iliyoshonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Mimi nilidhani hivyo pia, mpaka nilipoanza kuhesabu kwa vidole. Mjapani hahesabu silabi kama anavyozihesabu Mwingereza; anahesabu mapigo ya sauti, na sauti ya "n" inayofunga neno ina pigo lake peke yake. Neno lao la kitabu, hon, lina mapigo mawili. Je, hilo halitukumbushi kitu? Sisi tunapohesabu mizani, "mtu" ni mizani miwili, "nchi" ni mizani miwili, na ule "mkasi" wangu ni mizani mitatu. Mshairi wa Kiswahili anayejua kwamba "m" ya "mkasi" ina uzito wake ameshapata sikio ambalo mwandishi wa Kiingereza hulitafuta kwa shida.

Kuna la pili. Maneno yetu ni marefu, na wengi hulalamika kwamba mizani 17 huisha kabla mtu hajasema lolote. Lakini tazameni neno moja: lilimchungulia. Li-li-m-chu-ngu-li-a. Mizani 7, mshororo mzima wa katikati wa haiku, na ndani yake mna ua, mna wakati uliopita, mna mtu anayetazamwa, na mna tendo la kutazama kwa kujificha. Lugha nyingi zingehitaji maneno manne au matano kulisema hilo. Kwa hiyo urefu wa maneno yetu ni akiba, mradi akiba hiyo itumike kwenye vitenzi. Ukiitumia kwenye "kwa sababu ya" na "ambalo limekuwa", utafilisika kabla ya mshororo wa pili.

Na kuna la tatu, ambalo lilinifanya nicheke peke yangu. Mshororo mmoja wa shairi letu la arudhi, lile la kufuata kanuni za kimapokeo, una mizani 16, minane katika ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na minane katika utao, nusu ya pili. Haiku nzima ina mizani 17. Ubeti mmoja wa utenzi, mishororo minne yenye mizani minane kila mmoja, una mizani 32. Tanka, utungo wa Kijapani wa mishororo mitano ya mizani 5, 7, 5, 7 na 7, una 31. Basi tumekuwa tukibeba tungo fupi ndani ya tungo ndefu muda wote huu, tofauti ikiwa ni kwamba sisi tukishaandika mshororo mmoja hatusimami. Ndiyo maana nilichagua 32 kuwa kikomo changu: sikutaka kujipa nafasi kubwa kuliko ile ambayo mtunzi wa tenzi hujipa kwa pumzi moja.

Naomba sasa niwasimulie kisa cha mwanamke mmoja, kwa kuwa bila yeye siwezi kuyaeleza maua ya kiangazi katika haiku. Aliitwa Chiyo, alizaliwa Japani mwaka 1703 na kufariki mwaka 1775, na katika maisha yake alinyoa nywele akawa mtawa. Utungo wake unaojulikana kuliko yote unasimulia jambo dogo kabisa: asubuhi anakwenda kisimani, anakuta mmea utambaao, ule wenye maua mfano wa tarumbeta ambayo Wajapani huyaita "uso wa asubuhi", umeiviringisha ndoo ya kisima, naye, badala ya kuukata, anakwenda kuomba maji kwa jirani. Basi. Hasemi ua ni zuri. Hasemi analipenda. Je, kuna msomaji asiyejua kwamba analipenda? Mtu anayebeba chombo kitupu hadi kwa jirani kwa ajili ya kikonyo cha mmea ameshasema kila kitu kwa miguu yake.

Lakini kisa hakiishii hapo. Utungo huo ulienea ukiwa na kiungo "ni" baada ya jina la ua, yaani ndoo imechukuliwa na ua; kisha ikajulikana nakala iliyoandikwa kwa mkono wake yenye "ya" mahali pa "ni". Silabi moja kwa silabi moja, hesabu haibadiliki. Lakini "ya" katika haiku ni neno la kukata: humsimamisha msomaji. Kwa "ni" tunapata maelezo ya aliyeichukua ndoo. Kwa "ya" tunaliona ua kwanza, tunanyamaza, kisha ndipo tunagundua kwamba leo hakuna maji. Fikirini juu ya mshairi anayerudi kwenye utungo ambao watu wameshaukariri, akabadilisha silabi moja.

Kiswahili hakina kiungo kama hicho. Nilijaribu kutumia "kumbe" kwa wiki nzima, kwa sababu ni mizani miwili tu na huleta mshangao papo hapo, kisha nikaiacha, kwa kuwa "kumbe" humwamuru msomaji ashangae, naye hapendi kuamriwa. Nikajaribu "lo", ikawa mbaya zaidi. Sasa natumia kistari, au naukata mshororo pale ambapo pumzi yenyewe inakatika. Anayejua njia nyingine aniambie baada ya kikao.

Jambo linalofuata ni majira. Haiku ilizaliwa ikiwa ubeti wa kwanza wa utungo mrefu ambao washairi walikuwa wakiutunga kwa zamu wakiwa wamekaa pamoja, na ubeti huo wa kufungulia ulipaswa kutaja majira ya siku ile ya mkutano. Ndiyo asili ya neno la majira ndani ya haiku, na Wajapani wana vitabu vinavyopanga maneno hayo: alizeti ni ya kiangazi, yungiyungi na peoni ni za kiangazi. Lile ua la Chiyo, ambalo huchanua joto likiwa kali, limewekwa katika majira ya kupukutika kwa majani, kwa sababu katika kalenda yao ya kale majira hayo yalianza mapema mwezi wa Agosti. Nalitaja hili ili mshairi asiyaogope sana maorodha. Kiangazi cha kaskazini mwa dunia ni Juni hadi Agosti, cha kusini ni Desemba hadi Februari, na anayetunga kwa kufuata kitabu cha mtu mwingine anaweza kujikuta akiusifia mwezi ambao kwake ni wa baridi. Ua lililo mbele yako ndilo kalenda yako.

Tena si mwezi tu, hata saa. Mwaka 1751 mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, alichapisha orodha ya maua akiyapanga kwa saa yanapofunguka na yanapofunga, kwa wazo kwamba mtu aliye bustanini aweze kuijua saa kwa kutazama maua. Nimejifunza kwake kuandika saa juu ya karatasi kabla ya kuandika neno lolote la shairi. Yungiyungi la asubuhi na yungiyungi la alasiri, lililojifunga, ni maua mawili kwa mshairi.

Na hapa naona nikiri aibu yangu ya alizeti. Miaka mingi nimeandika, na nimewafundisha wengine waandike, kwamba alizeti hulifuata jua. Siku ya 17 nikaamua kushinda karibu na alizeti moja iliyokomaa, kichwa kikubwa kimeinama kwa uzito wa mbegu, ili nione inavyogeuka. Asubuhi ilikuwa ikitazama mashariki. Adhuhuri ilikuwa ikitazama mashariki. Jioni, jua likizama nyuma yake, ilikuwa bado ikitazama mashariki, na mimi nilikuwa nimeungua shingo. Baadaye ndipo nikasoma kwamba alizeti changa ndiyo inayogeuka, kwa kuwa mchana shina lake hurefuka zaidi upande wa mashariki na usiku hurefuka zaidi upande wa magharibi. Ikishakomaa husimama ikiuelekea upande wa macheo, na ua linalopata joto mapema asubuhi hutembelewa na nyuki wengi zaidi. Nilikuwa nimeandika juu ya ua hili kwa miaka bila kulitazama siku moja nzima. Jioni ile nikapata hii:

Jua latua,
alizeti yangoja
lilikotoka.

Sioni haya kusema kwamba katika tungo zote 40 hii ndiyo ninayoipenda, na nimeinunua kwa ngozi ya shingo.

Nitapita haraka kwenye umbo jingine. Adelaide Crapsey, mshairi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1878, alikuwa mtafiti wa mizani ya mashairi ya Kiingereza, na baada ya kuzisoma tungo za Kijapani alibuni utungo wake mwenyewe wa mishororo mitano yenye silabi 2, 4, 6, 8, kisha 2. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1914, na mashairi yake yalichapishwa mwaka uliofuata. Umbo lake hupanda ngazi hatua kwa hatua, kisha huanguka ghafla, kwa hiyo linafaa kwa jambo linalokua na kukatika. Nililipa asumini, ambayo hufunguka usiku unapoingia na hujulikana kwa pua kabla ya jicho:

Giza
laingia,
njia siioni;
asumini yaniita:
"Huku."

Nilijaribu pia landay, utungo wa mishororo miwili wa Kipashto, lugha ya Afghanistan na Pakistan, wa kwanza silabi 9 na wa pili 13, nikashindwa vibaya, kwa sababu utungo ule hupenda kuwaka kwa mapenzi, msiba au vita, na maua niliyokuwa nayo hayakuwa na ugomvi na mtu.

Lakini pale nilipojifunza zaidi ni niliporudi nyumbani kwetu, kwenye vina. Nilijiuliza: ile alizeti ya jioni, nikiitoa katika haiku nikaitia katika tathnia, ubeti wa mishororo miwili wenye vina vya kati na vya mwisho, itasema yale yale? Nikaandika:

Jua limezama chini, alizeti yakumbuka,
Nami nipo dirishani, nawe bado hujafika.

Mmeona kilichotokea? Ameingia mtu! Katika haiku kulikuwa na jua na ua, basi. Hakukuwa na "mimi", hakukuwa na "wewe". Nilipoanza kutafuta kina cha "-ni", nikapata "dirishani", na dirisha lilipokuwepo likahitaji mtu wa kusimama hapo, na aliyesimama dirishani jioni lazima awe anamngoja mtu. Sikupanga hivyo. Vina ndivyo vilivyomleta. Nawaambia haya bila kuyapunguzia heshima vina, kwa kuwa nimekula chumvi yake: utungo wenye vina ni mazungumzo, humtafuta wa kuambiwa. Katika ushairi wetu ua limekuwa mpenzi kwa muda mrefu mno, hata ukitamka "waridi" msomaji huona uso wa mtu kabla hajaona petali. Hiyo ni hazina, lakini pia ni kitanzi, kwa kuwa ua lenyewe, lile lenye mchwa kwenye shina na chavua iliyomwagika juu ya jani, hatulioni kamwe. Haiku imenisaidia kuliacha ua liwe ua. Tathnia imenikumbusha kwa nini babu zetu hawakutaka kuliacha.

Mbali na hizo kuna njia ya katikati, nayo ni tanka. Mishororo yake mitatu ya kwanza hutazama, na miwili ya mwisho humgeukia mtu. Mshiriki mmoja wa mazoezi yetu ya awali, mtu mzima aliyefiwa, alikuwa na sharti lake: hataki shairi la maombolezo. Tulikaa naye na waridi alilokuwa amelipanda marehemu, na kutokana na yale aliyoyasimulia tukapata hii, ambayo ameniruhusu niisome:

Umeondoka;
waridi mlangoni
lachipua tu.
Namwagilia maji
kana kwamba warudi.

Aliposomewa alinyamaza, kisha akauliza kama "lachipua tu" si maneno makali kwa ua lisilo na kosa. Tukayaacha. Nadhani ukali ule ndio ulioufanya utungo usimame.

Nimalizie na Masaoka Shiki, mshairi wa Kijapani, kwa sababu yeye ndiye aliyeutenga ule ubeti wa kufungulia ukawa utungo unaojitegemea, akalieneza jina la haiku mwishoni mwa karne ya 19. Shiki, aliyezaliwa mwaka 1867, alihimiza washairi wachore kwa maneno kile kilicho mbele ya macho yao, kama mchoraji achoravyo kwa kalamu. Yeye mwenyewe, kwa miaka yake ya mwisho, hakuwa na mengi mbele ya macho: kifua kikuu kilikuwa kimeila mifupa ya mgongo wake na alikuwa amelala kitandani, akitazama bustani ndogo. Katika bustani hiyo palitambaa mmea ambao nyote mnaujua, dodoki, lile ambalo likikauka huwa sugulio la kuogea. Lilipandwa kwa sababu maji ya shina lake yalitumika kama dawa ya makohozi. Tarehe 18 Septemba 1902 aliinuliwa, karatasi ikashikwa mbele yake, akaandika kwa brashi haiku tatu, zote juu ya dodoki: limechanua, na mtu mwenye kifua kilichojaa makohozi ameshakuwa maiti; lita nyingi za makohozi, na maji ya dodoki hayakuwahi; na yale ya juzi pia hayakukingwa. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 19, akiwa na umri wa miaka 34.

Angeweza kuchagua ua lolote, naye alilijua kila neno katika orodha za majira. Alichagua lile lililokuwa dirishani.

Washairi wenzangu, karatasi ziko mezani, na penseli pia. Andikeni saa kwanza. Kwenye meza za mbele kuna waridi, asumini na alizeti mbili, moja changa na moja iliyokomaa. Kwenye meza ya nyuma, pembeni, nimeweka ua la dodoki, la manjano, ambalo tangu asubuhi sijaona mtu aliyelisogelea, na ambalo tayari limeanza kusinyaa. Mna dakika 20.